Kabati la Sidonie na Milango Iliyokaa kwa Firmin

Baba Paroko, Mheshimiwa Meya, ndugu na jamaa, majirani wa Saint-Ouen-le-Creux na ninyi nyote mliokuja kutoka mbali kwenye mvua hii, naitwa Clotilde Levallois, mke wa Régis, mkwe wa marehemu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu wanaume wa familia hii, wakiona kuna jambo la kusemwa, hukumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hawajakaguliwa. Historia ninayoisoma ni ya mama mkwe wangu, Sidonie Levallois, aliyezaliwa Quesnel, lakini sitaanza na yeye, kwa sababu mwenyewe alinikataza. Aliniambia, akiwa na akili zake timamu na kikombe cha kahawa mkononi, kwamba siku ya kusomwa maisha yake litangulie kabati, maana yeye alilikuta duniani, na kwamba atakayeliruka kabati atakuwa amesoma historia ya mtu mwingine. Nikamwambia watu watachoka. Akanijibu kwamba kwenye mazishi watu wameketi na hawana pa kwenda, kwa hiyo naomba mkae vizuri.

Kabati lilizaliwa hivi. Tarehe 2 Februari 1806 alizaliwa katika kijiji hiki mtoto wa kike aliyeitwa Prudence, na baba yake, kama ilivyokuwa desturi huku kwetu kwa kila aliyepata binti, alikata mwaloni wiki ile ile, akayazamisha magogo kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, yakakaa humo miaka mpaka utomvu wote ukatoka, kisha mbao zikaanikwa ghalani zimsubiri msichana akue. Mwishoni mwa mwaka 1825 akaitwa seremala Anthime Bazire, ambaye alihamia shambani na zana zake, akala meza moja na familia, akakaa majira yote ya baridi akichonga. Huyo Anthime, kwa habari zilizotufikia, alikuwa mtu wa kisirani, aliyeacha kazi siku nzima akiulizwa imefika wapi, na ambaye hakutumia msumari wala gundi mahali popote. Kila kiungo kilishikwa na kigingi cha mbao, ili kabati lifunguliwe vipande vipande, lipite milangoni, lisimamishwe juu ya gari la farasi, kisha lisimamishwe upya kwa mume, na ni hivyo vigingi, wapendwa, ndivyo vilivyotuponza. Katika mlango wa kushoto alichonga njiwa, katika wa kulia njiwa mwingine, wakitazamana, na chini yao vikapu vya maua na masuke ya ngano. Njiwa wa kushoto ni mnene kuliko mwenzake, na Prudence alipouliza sababu aliambiwa kwamba huyo ndiye mke, ameshakula.

Prudence aliolewa tarehe 20 Mei 1826, na siku moja kabla ya harusi kabati lilipitishwa kijiji kizima juu ya gari, milango ikiwa wazi ili kila mwenye macho azione shuka zilizopangwa ndani, na mshonaji aliyezishona ameketi pembeni akiwagawia wasichana pini, kwani msichana aliyepewa pini alijua zamu yake inakuja. Kutoka kwa Prudence kabati lilikwenda kwa binti yake Zélie mwaka 1852, kutoka kwa Zélie kwa Honorine mwaka 1877, kutoka kwa Honorine kwa Eugénie mwaka 1902, kila mara juu ya gari, kila mara milango wazi. Hao sikuwajua, ila najua kwamba Zélie alikuwa na shuka nyingi kiasi cha kufua mara mbili tu kwa mwaka, na hayo ndiyo yaliyokuwa majivuno ya zamani, kwani aliyefua kila wiki alikuwa anajitangaza fukara. Najua pia kwamba Honorine alifungia humo pombe kali ya mumewe na ufunguo akaulalia, na kwamba Eugénie alimzaba kofi mkwewe kwa kuliegemea kabati na koti lenye maji. Mwaka 1932 likamfikia Augustine, mama mzazi wa Sidonie, likaingia shamba la Les Hêtres alipoolewa na Gaston Quesnel. Kiangazi cha 1944, mabomu yalipokuwa yakituangukia kutoka pande zote mbili, Augustine alizitoa shuka zote za bibi zake, akazichana ziwe bendeji za kila aliyeletwa uani, bila kuuliza amevaa sare ya nani, mpaka kabati likabaki tupu na kipande cha chuma cha bomu kimezama kwenye ubao wake wa nyuma, ambacho kipo mpaka leo.

Sasa nafika kwa marehemu. Sidonie alizaliwa tarehe 11 Aprili 1938 huko Les Hêtres, akiwa mtoto wa kwanza, na mdogo wake wa pekee, Firmin, ambaye mnamwona benchi la mbele na ambaye ninamwomba asitoke nje hata nikisema nini, alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1941. Sidonie alisoma kwa masista hapa hapa kijijini, akapata cheti chake mwezi Juni 1952, akiwa wa kwanza katika kazi za mikono na wa mwisho katika uimbaji, na mliowahi kuketi karibu naye kanisani ni mashahidi. Kwa kuwa kabati lilikuwa tupu, alilijaza yeye. Kuanzia umri wa miaka minane, kila majira ya baridi alishona shuka na vitambaa vya meza na mataulo, akatarizi herufi zake za S na Q kwa uzi mwekundu, akavipanga humo kimoja kimoja, huku Augustine akimwambia kila mwaka kwamba kabati ni lake na litatoka naye.

Kuhusu kazi, aliajiriwa mwaka 1953 katika chumba cha shuka cha hospitali ya mjini, akapiga pasi na kukunja na kuhesabu mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 1998, na huko ndiko alikofahamiana na Lucien Levallois, kijana wa kiwanda cha maziwa, aliyekuwa akileta makreti kila alfajiri na ambaye, kwa maelezo ya marehemu, alikuwa mtu wa kwanza asiye na haraka aliyewahi kukutana naye. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 3 Septemba 1960, na kama historia hii ingekuwa ya familia ya kawaida ningesema tu kwamba Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Régis, aliyezaliwa tarehe 15 Julai 1963, nikaenda kuketi.

Lakini Gaston Quesnel hakumtaka Lucien. Alisema binti aende anakopenda, yeye hamfungi kamba, ila kabati haliendi kulala kwenye nyumba ya mtu asiye na hata ng'ombe mmoja, na kwamba litatoka Les Hêtres siku atakapotoka yeye. Jioni ya kuamkia harusi wasichana wa kijiji walijipanga njia panda wakingojea gari na pini zao, kama dada zao walivyongojea, wakasimama pale mpaka wazazi wao wakaja kuwachukua, na hakuna kilichopita. Shuka za Sidonie zilihamia kwake wiki iliyofuata ndani ya makreti ya maziwa. Sikuwepo, nilikuwa sijazaliwa, lakini nimesimuliwa jioni ile mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwataja wale wasichana kwa majina, na wawili wao wamo humu kanisani.

Gaston alitoka Les Hêtres kwa jeneza mwaka 1971, na kabati halikutoka, kwa kuwa Augustine, aliyeahidi miaka yote, aliogopa kuvunja neno la marehemu mumewe kuliko alivyoogopa kuvunja lake mwenyewe. Augustine akafariki tarehe 28 Novemba 1983. Firmin alikuwa amerithi shamba, akasema kwamba kabati lisilotoka siku ya harusi limekuwa mali ya nyumba, kama mlango au bomba la moshi. Sidonie akasema kwamba kabati ni la mabinti tangu Prudence, na kwamba kutotoka kwake siku ile ni dhuluma, na dhuluma haizai haki. Tarehe 12 Januari 1984 wakili wa mirathi alikuja Les Hêtres kuyamaliza, akawasikiliza asubuhi nzima, akatazama saa yake, akasema kwamba mbele ya sheria watoto ni sawa na wagawane tu, akimaanisha, kama mtu yeyote mwenye akili angeelewa, kwamba mmoja achukue kabati na mwenzake afidiwe kwa kitu kingine.

Firmin akasema, "Basi chukua nusu yako."

Sidonie akasema, "Nitaichukua."

Nimewahoji wote wawili juu ya saa ile, kila mmoja peke yake, na kila mmoja ameniapia jambo lile lile, kwamba alikuwa akitania kwa hasira, akingoja mwenzake acheke. Hakuna aliyecheka. Firmin akaleta nyundo ya mbao akagonga kigingi cha kwanza akidhani dada yake atamshika mkono, Sidonie akakipokea kigingi akakitia mfukoni mwa aproni akidhani mdogo wake ataona haya, na hivyo ndivyo kabati lililosimama tangu mwaka 1826 lilivyolazwa chini kipande kwa kipande, na watu wawili wazima, mbele ya wakili, wakisubiriana. Firmin akanyanyua milango kutoka kwenye bawaba zake, akabaki nayo. Sidonie na Lucien wakapakia kiwiliwili kwenye lori la maziwa, mbavu, mgongo, rafu na taji lake, na ufunguo pia wakaenda nao, kwa hiyo kuanzia siku hiyo mmoja alikuwa na kufuli bila ufunguo na mwingine ufunguo bila kufuli. Kila mtu wa huku anajua kwamba kabati la harusi ni milango. Kiwiliwili bila milango ni rafu za duka, na milango bila kiwiliwili ni mbao zilizochongwa ndege.

Mimi niliolewa katika familia hii tarehe 17 Juni 1989. Siku ya kwanza kuingia nyumba ya Sidonie, ile ya bondeni kando ya kijito, nililikuta limesimama sebuleni wazi kabisa, shuka zinatazama nje, nikauliza kwa adabu ya mkwe mpya fundi atakuja lini. Régis alinikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye nilipozoea nilimshauri mama mkwe atundike pazia, akasema pazia ni kukubali. Régis akajitolea kumtengenezea milango ya msonobari, mizuri tu, ya kuzuia vumbi, akajibiwa kwa sentensi ambayo watoto wangu waliikariri kabla ya sala ya Baba Yetu: "Kabati hili lina milango. Iko kwa Firmin." Na kwa kuwa vumbi halikuwa na habari na ugomvi wao, kila masika na kila vuli tulizitoa zile shuka zote, tukazifua, tukazianika bustanini, tukazipiga pasi na kuzirudisha, shuka ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzilalia, maana alisema hazitatumika mpaka kabati liwe zima. Nimepiga pasi shuka hizo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkiona nasoma kwa ukali kidogo, mjue mgongo wangu nao una maoni yake.

Msidhani walikuwa maadui. Ingekuwa uadui ningeuelewa. Walikutana kila Jumapili kanisani humu, yeye safu ya kushoto na Firmin safu ya kulia, wakiamkiana vizuri na kuulizana hali ya miguu. Mke wa Firmin alipougua, Sidonie alimpelekea supu wiki nzima akaiacha dirishani. Lucien alipofariki mwaka 2004, Firmin alibeba jeneza bega la mbele, akalia kuliko sisi, akala chakula cha msiba ameketi mbele ya lile kabati wazi, akaliangalia, akaomba aongezewe jibini. Walizungumza habari za mvua, za bei za ndama, za meno ya bandia, na milango haikutajwa hata siku moja.

Mwaka 1996 nilichoka, nikaoka keki ya tufaha nikaenda Les Hêtres peke yangu. Mjomba Firmin alinipokea kwa furaha, akanionyesha milango bila hata kuombwa, naye alikuwa ameitundika ukutani kichwani mwa kitanda chake, juu ya mabomba ya kupashia nyumba joto, na, Mungu amsamehe, alikuwa ameweka wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, kwa hiyo wale njiwa walikuwa wamepeana visogo. Nikamwuliza mbona hamrudishii dada yake. Akashangaa kabisa.

"Mkwe, mimi sijawahi kumnyima," akasema. "Hajawahi kuomba. Aombe tu, nitampelekea leo hii."

Nilirudi mbio, nikiwa karibu kuimba garini, nikamkuta mama mkwe ananyonyoa kuku, nikamweleza kwamba imekwisha, neno moja tu. Hakuinua hata uso.

"Kitu changu nikiombe?" akasema. "Anisihi yeye nikipokee."

Hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa. Yeye alitaka kusihiwa, mwenzake alitaka kuombwa, na kati yao kulikuwa na barabara ya lami isiyomaliza hata wimbo mmoja wa redio. Nilikwenda na kurudi kwenye barabara hiyo miaka yote iliyofuata, kwa keki, kwa upole, kwa kelele, mara moja na Baba Paroko aliyetangulia, ambaye alitoka kwa Firmin amepewa chupa mbili na hakumbuki alichoendea. Nilimwuliza mama mkwe milango hiyo ina nini hasa, mbao tu hizo. Akaniambia kwamba baba yake alimwonyesha kijiji kizima kwamba yeye si binti wa nyumba ile, na baba amekufa, mama amekufa, amebaki mtu mmoja tu duniani anayeweza kusema kwamba ni binti wa nyumba ile, na mtu huyo amelala chini ya milango yake. Baada ya hapo sikuwahi tena kusema ni mbao tu, ingawa hasira haikunitoka.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi 2021, akalazwa mara tatu, na mwanzoni mwa Oktoba mwaka huu wa 2022 Daktari Pruvost alitueleza bila kuficha kwamba moyo umechoka, hauna matengenezo, na kwamba anaweza kukaa nyumbani kama anavyotaka. Tulimshushia kitanda sebuleni, na yeye akachagua kiwekwe kulitazama kabati. Alilala akilitazama. Alikuwa akipungua siku hadi siku huku ametazama rafu, na mimi nikimtazama yeye, nikahisi kwamba nikivumilia wiki nyingine nitapasuka.

Kwa hiyo yafuatayo nayasema mbele yenu na mbele ya altare. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba nilikwenda Les Hêtres nikamwambia Mjomba Firmin kwamba dada yake anaomba milango yake. Kisha nikarudi nikamwambia mama mkwe kwamba Firmin anasihi aruhusiwe kuileta. Yote mawili yalikuwa uongo. Naam, Mjomba, nakuona unavyonitazama. Hakuomba. Na wewe hukusihi. Niliwadanganya nyote wawili asubuhi moja, na kilichonitoa machozi ya hasira ni kwamba kila mmoja aliitikia kabla sijamaliza sentensi, Mjomba huyu akiwa tayari anatafuta bisibisi, na yule kitandani akiniagiza nimletee kitana. Walikuwa tayari. Walikuwa tayari miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunyanyua mguu.

Milango ililetwa mchana wa siku iliyofuata, tarehe 9 Novemba, juu ya tela la nyasi, imefungwa mablanketi, Firmin akiwa amevaa suti. Alisimama mlangoni, mtu wa miaka themanini na moja, kofia mkononi. Mimi nilikaa katikati yao nikitoka jasho, nikingoja mmoja aulize nani kamwomba nani.

"Nimeleta," akasema Firmin.

"Naona," akasema Sidonie.

Basi. Régis na mjomba wake wakainyanyua milango kwenda kuipachika, na ndipo tulipolipa kwa yale ambayo seremala yeyote angetuambia kama kuna aliyemwuliza. Kiwiliwili kilikuwa kimekaa miaka karibu arobaini bondeni kando ya kijito, kimekunywa unyevu mpaka kikavimba, na milango ilikuwa imekaa miaka ile ile juu ya mabomba ya moto, imekauka na kupinda. Wa kushoto uliingia kwenye bawaba zake ukabaki unaning'inia upande, wa kulia ulikataa kabisa, na ulipolazimishwa ulisukuma mwenzake nje. Mbao za mti mmoja, zilizolala bwawa moja na kuchongwa na mkono mmoja, zilikuwa hazioani tena. Walijaribu mpaka mjomba akakwaruzika vidole vikatoka damu. Akasema tumwite fundi alete randa wapunguze ukingo kidogo, na kutoka kitandani ikaja sauti ambayo hatukudhani bado anayo.

"Usiiguse."

"Sasa haifungi, Sidonie. Nifanyeje?"

"Ishike."

Firmin akaishika. Aliuinua wa kulia kwa bega, akaubana wa kushoto kwa kiganja, akakaza magoti, na kwa nguvu za mtu aliyebeba ndama maisha yake yote aliirudisha milango mahali pake, na ikafunga. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nililiona kabati. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika na sikuweza. Njiwa walitazamana, masuke yakakutana katikati, na Sidonie akaomba aongezewe mto ili aone vizuri. Akamwambia mdogo wake ainue wa kulia kidogo, akainua. Akamwambia ameinua mno, akashusha. Akamwambia asogeze kichwa, anamziba njiwa mnene, akasogeza. Régis alitaka kumpokea zamu, marehemu akasema kwa sauti ndogo kwamba abaki huyo huyo. Kisha akatazama, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye gari lake limepita njia panda na watu wote wamesimama.

Alisinzia. Mjomba aliniuliza kwa macho kama anaweza kuachia, nami nikatikisa kichwa, kwa sababu nilijua akifumbua jicho akakuta pako wazi tutaanza upya. Akaendelea kushika. Nesi Joëlle alikuja kwa zamu yake ya alasiri, akamkuta mzee wa watu amejibana kwenye kabati kwa suti yake, hakuuliza, akaenda kitandani, akashika mkono wa marehemu, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, akatutazama. Daktari Pruvost alifika akathibitisha. Sidonie alifariki tarehe 9 Novemba 2022, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na minne, na kabati lake limefungwa.

Daktari alipomaliza alimwendea Firmin, akamgusa mgongoni, akamwambia kwa upole kwamba amekwenda, anaweza kuachia sasa.

"Hajaniambia," akasema Firmin.

Tulimwondoa pale kwa shida, Régis akimfungua vidole kimoja kimoja.

Familia inamshukuru Daktari Pruvost kwa kusema ukweli kila mara, Nesi Joëlle kwa mikono yake na kwa kutouliza, majirani wa bondeni waliotuletea kuni na supu, wanawake wa chumba cha shuka cha hospitali, ambao wamekuja watatu na ndio waliomvisha na kumtandikia kwa shuka zake mwenyewe, zile za S na Q, zilizotumika kwa mara ya kwanza. Tunamshukuru pia Baba Paroko kwa subira yake. Milango imeegemezwa ukutani sebuleni, na mwenye fikra yoyote kuhusu nani aichukue na nani achukue kilichobaki, namwomba akae nayo tumboni mpaka tumalize kuzika, na baada ya hapo aje aseme wazi, kwa mdomo wake, maana mimi barabara ile sipiti tena.

Mama, umetusumbua sana. Pumzika sasa, na iwe kwa amani.